Mkono wa Bi Tamima na Kidonda cha Doria

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Kama unachambua karafuu barazani, kama unasubiri wali ukauke, kama umekaa tu huna la kufanya, sogea karibu na redio yako. Leo tunamkumbuka mtu mmoja wa Shumba Viamboni, kaskazini ya Pemba. Jina lake Bi Tamima binti Sleiman. Amefariki mwezi uliopita. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na hicho kitu mwenyewe hakupenda kuulizwa.

Bi Tamima hakuwa kiongozi wala mwimbaji. Hakuna barabara itakayopewa jina lake. Alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba kubwa ya shamba, yeye na mbwa mmoja. Nakusikia huko ulipo unasema, ala, leo redio imefika kwenye mbwa? Ndiyo, imefika. Univumilie. Huwezi kumsimulia Bi Tamima ukamwacha mbwa nje, ingawa mbwa mwenyewe maisha yake yote alikaa nje.

Nyumba ile ilijengwa na babu yake, zamani, karafuu ilipokuwa karafuu. Wazee wake asili yao Oman, na walikuwa na mashamba mengi. Yakapungua, yakapungua, likabaki shamba moja, nyumba moja, na mabinti walioolewa mbali. Bi Tamima ndiye aliyebaki. Akaolewa na marehemu Salem, mtu wa vichekesho, mpenda kahawa, na wakajaaliwa mtoto mmoja tu, Fahd. Fahd sasa yuko Maskati, ana kazi na familia. Hupiga simu kila Ijumaa.

Mbwa aliletwa na Salem. Tumbili walikuwa wanang'oa muhogo wake wote, wanauonja, wanautupa, kama watu waliokuja dukani bila nia ya kununua. Salem akapata mtoto wa mbwa kwa rafiki yake, akampa jina Doria. Na kweli, Doria alipiga doria. Tumbili wakahama.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mambo ya mbwa kwetu mnayajua tangu chuo cha Kurani. Mate yake na majimaji yake ni najisi. Yakikugusa, unaosha mara saba, na mara moja katika hizo unaosha kwa udongo. Mbwa wa shamba hakukatazwa, lakini ana mpaka wake. Na Bi Tamima aliuweka mpaka huo sawasawa. Doria hakupanda barazani. Chakula chake kiliwekwa chini ya mfenesi, kwenye sufuria iliyotoboka, na kilimiminwa kwa upawa wenye mpini mrefu. Hakuna aliyemgusa, si Salem wala mkewe. Salem alimpenda kwa mdomo tu. Jioni alikaa barazani akimpa habari za siku kwa sauti, na Doria akimsikiliza kutoka kwenye mfenesi.

Salem akafariki. Nyumba ikawa kimya. Fahd alimwambia mama yake aende Maskati, naye akaenda, akakaa kidogo, akarudi. Alisema kule jua linaingia ndani na watu hawaingii. Fahd nilimpata kwa simu juzi, na haya ndiyo maneno yake: "Mama alinambia, Fahd, hapa nyumbani nikisema hodi, sauti inayonijibu ni ya mbwa tu."

Lakini alikuwa na Alhamisi yake. Kumbukeni hili, maana hadithi yote inazunguka hapo. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, wanawake wa jirani walikuja barazani kwa Bi Tamima. Walisoma Yasini, wakamrehemu Salem na maiti wao wengine, kisha wakanywa kahawa. Bi Tamima alitandika mikeka tangu adhuhuri. Alipika kahawa kwenye dele la marehemu mama yake, akakata halua ya Wete vipande vidogo vidogo. Wanawake walicheka, wakasengenya kidogo, wakaomba msamaha wa kusengenya, wakaondoka kabla ya Magharibi. Siku sita za wiki Bi Tamima alizivuka kwa ajili ya hiyo moja. Hilo si langu. Alimwambia mwanawe hivyo hivyo.

Mbele ya wanawake hao alikuwa Bi Saada, jirani yake. Mashamba yao yamepakana, katikati pana ua wa seng'enge. Bi Saada nilimkuta nyumbani kwake wiki iliyopita, akanikaribisha vizuri, akanieleza yote, na hakujificha.

Mwaka jana, masika ilipokwisha na majani yamepanda, Doria alikimbiza tumbili akapita chini ya ule ua. Seng'enge ikamchana ubavuni. Kidonda kidogo tu, wasikilizaji wapendwa. Bi Tamima alimwambia Fahd kilikuwa kama ukucha wa kidole gumba. Ngozi tu, nyama haikuguswa. Mbwa mwenyewe alirudi akitikisa mkia.

Bi Tamima akaona asimwache hivyo hivyo. Na nyumba gani ya Pemba haina kichupa cha mafuta ya makonyo? Tunajipaka kwenye jino, tunajipaka mgongoni, kwenye mafua tunanusa. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwetu yanatibu kila kitu. Basi akachukua ufito mrefu, akafunga kitambaa nchani, akachovya mafuta ya makonyo matupu, akasimama mbali kwa heshima yake, akampaka Doria. Asubuhi na mapema, kila siku. Mbwa alilia. Bi Tamima akamwambia, vumilia baba, dawa ndivyo ilivyo.

Kidonda hakikupona. Kilikua. Kikawa chekundu, kinatoa maji, nywele za pembeni zikanyonyoka. Doria akawa anakilamba mchana kutwa. Nzi wakakijua. Na watu wakaanza kusema. Huyo mbwa ana kichaa. Huyo mbwa atatutafuna. Auliwe, au apelekwe msitu wa Ngezi akaachwe huko.

Siku hizo ng'ombe wa Bi Saada alikuwa na homa, na daktari wa mifugo, Bwana Silima, akaja na pikipiki yake kutoka Konde. Bi Tamima alisimama uani akamsubiri amalize. Kisha akamwambia kutoka ng'ambo ya seng'enge, kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu cha aibu: "Mwanangu, ukimaliza huyo, na mie nna mgonjwa."

Silima akaenda. Akapiga shikamoo, akaitikiwa, akachuchumaa kwa mbwa. Doria alikuwa ameshapigwa sindano ya kichaa mwaka ule ule, na Silima ndiye aliyempiga, kwa hiyo la kichaa likaisha palepale. Akakitazama kidonda, akanusa. Akauliza kimepakwa nini. Bi Tamima akamwonesha kichupa, akamwonesha na ufito wenye kitambaa. Silima ananiambia alitaka kucheka, akajizuia kwa adabu ya yule mzee.

"Bibi," akamwambia, "seng'enge ilimchana kidogo tu. Haya mengine umemuunguza wewe."

 Bi Tamima alikaa juu ya kinu kilichokuwa uani, akautazama ule ufito. Baadaye alimwambia Fahd alichokuwa akikifikiria pale. Kila asubuhi alimwita Doria ili ampake, na kila asubuhi Doria alikuja. Alikuja kuunguzwa, akalia, na kesho yake akiitwa akaja tena. Hakukimbia hata mara moja. Hilo lilimchoma Bi Tamima kuliko makonyo.

Matibabu yenyewe hayakuwa makubwa. Silima alikata nywele pembeni ya kidonda kwa mkasi. Akaosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Akakausha kwa kitambaa safi, akapaka dawa ya rangi ya zambarau. Kisha akaomba ndoo kuukuu ya plastiki, akaikata kitako, akamvisha Doria shingoni ili asiweze kujilamba. Ndoo ilikuwa ya manjano. Mbwa akawa kama anayechungulia kutoka kwenye tarumbeta, na hata Bi Tamima, pamoja na majonzi yake, alijifunika mtandio akacheka.

Halafu Silima akasema lile lililobadili mambo. Alisema kidonda kioshwe asubuhi na jioni mpaka kifunge, na yeye hawezi kuja kila siku kutoka Konde. Bi Tamima akauliza kama ataweza kuosha kwa ufito, akifunga kitambaa laini zaidi. Silima akatikisa kichwa.

"Ufito hauoni, Bibi. Kidonda kinataka kidole."

Akamwachia glovu. Mbwa alipohangaika, glovu zikachanika siku ya pili. Bi Tamima akajaribu kuvaa mfuko wa rambo, lakini hakuweza kuhisi wapi pana maji na wapi pamekauka. Basi siku ile, jioni, alichukua kanga moja kuukuu akaiweka kuwa ya kazi hiyo tu. Alichemsha maji, akayapoza. Akamlaza Doria ubavu chini ya mfenesi. Akasema Bismillahi, akaweka mkono wake mtupu juu ya mbwa.

Wasikilizaji wapendwa, tangu Salem afariki, nani alikuwa anamgusa Bi Tamima? Hebu fikirieni. Mkono wa Idi. Mkono wa pole. Basi. Hakuna mjukuu wa kumwegemea, hakuna wa kumsuka nywele. Jioni ile alipomaliza, alimpigia simu mwanawe, na haikuwa Ijumaa. Fahd akashtuka akidhani kuna msiba. Mama yake akamwambia: "Fahd, mbwa ana joto. Miaka yote hino sikujua kama ana joto. Na moyo wake unapiga, nimeusikia kwenye nkono."

Fahd anasema alikuwa kazini, watu wanamsubiri, akamjibu haya mama, vizuri, tutaongea. Alinisimulia hilo mara mbili, kana kwamba hakunisimulia mara ya kwanza.

Kila alipomaliza kuosha kidonda, Bi Tamima alikwenda mferejini, kwenye bomba la maji. Alikuwa na kopo la udongo mwekundu. Aliuchukua mahali safi, akauanika, akauchekecha kwa chekeche la unga mpaka ukawa laini. Akaosha mikono kwa udongo na maji, kisha kwa maji, mara saba zikatimia. Akavua ile kanga, akavaa safi, akatia udhu, akasali. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Hakuruka hata moja. Baba yake alikuwa mtu wa vitabu na alimsomesha sheria vizuri.

Lakini Bi Saada aliona upande mmoja tu. Kutoka uani kwake alimwona Bi Tamima kachuchumaa, mkono wake uko juu ya mbwa, anazungumza naye. Mferejini hakumwona, mfereji uko nyuma ya nyumba. Akawaambia wenzake. Anasema hakusema kwa ubaya, alisema kwa mshangao. Mshangao wa mtu mmoja, akikaa na wenzake, unakua.

Alhamisi ikafika. Bi Tamima akatandika mikeka. Akapika kahawa, akakata halua. Alasiri ikasaliwa. Akakaa mlangoni. Njia ya Shumba ilikuwa na watu, lakini hakuna aliyekata kona kuja kwake. Baadaye kidogo akasikia Yasini inasomwa, sauti nyingi pamoja, kutoka kwa Bi Saada. Hawakumtangazia kwamba wamehama. Walihama tu. Akaifuatisha Yasini pale pale mlangoni, peke yake, mpaka mwisho. Kisha akaimwaga kahawa.

Kesho yake walikutana kwenye ua. Bi Saada akajieleza kwamba hawajamtenga, ni kwa muda tu, mpaka mbwa apone, au amtoe, maana watu wanaona vibaya, na vikombe ni vile vile, na mikono ni ile ile. Bi Tamima akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole: "Saada, sheria haikunkataza kushika. Imenifunza kuosha."

 Maneno hayo hayakuwabadilisha. Walimwambia karibu kwetu Alhamisi. Akaenda, kwa sababu alikuwa na hamu ya watu. Walimpisha pahala pa kukaa, pahala pakubwa mno. Kahawa ilipopita, wenzake walipewa vile vikombe vidogo vyeupe vyenye mstari wa dhahabu. Yeye akaletewa kopo la bati kutoka jikoni.

 Bi Tamima alilishika kwa mikono miwili. Akanywa yote, akasema ahsanteni, Mungu awabariki. Akarudi kwake, na hakwenda tena. Kopo lile, Bi Saada anasema, ndilo linalomrudia akilini kila akikoka moto.

Kwa hiyo mjue vizuri alichokichagua. Angeweza kumtoa mbwa, akairudisha Alhamisi yake kesho yake. Njia ilikuwa wazi. Alimtazama Doria na ndoo yake shingoni, aliyekuja kila alipoitwa, akaona hawezi. Akaendelea kuosha. Kidonda kikaanza kukauka, kikafunga pembeni, kikafunga katikati. Alipoona bado anakwenda mfenesini kila jioni hata siku ambazo hakukuwa na cha kuosha, alijicheka mwenyewe kwenye simu. Alikuwa na mgonjwa aliyepona na yeye hataki apone.

Silima aliporudi kutazama, alimvua Doria ndoo. Akasema kazi nzuri, Bibi, umebaki upara mdogo tu, nywele hapo hazitarudi. Bi Tamima akamkaribisha barazani. Akamtilia kahawa kutoka kwenye dele la mama yake, akampa na halua. Silima akanywa vikombe viwili. Anasema alikuwa na haraka, alitakiwa Wete. Lakini mama yule alimtazama akinywa kwa namna ambayo hakuweza kunyanyuka.

Kidonda kilipona. Wanawake hawakurudi. Hawakuwa na chuki, la hasha. Walikuwa wameshazoea kwa Bi Saada, na Bi Tamima hakuomba, na kila upande ukasubiri wa pili useme. Alhamisi baada ya Alhamisi alikaa mlangoni, akaifuatisha Yasini ya jirani, na kila jioni akaenda na maji mfenesini, akamshika Doria, akaosha mara saba, mwezi baada ya mwezi.

Mwezi uliopita alishikwa na homa. Bi Saada akaenda, kama jirani anavyokwenda, akampelekea uji. Bi Tamima hakumlaumu kwa lolote. Alimwuliza kitu kimoja tu: "Doria nani atamtilia maji?" Bi Saada akasema nitamtilia mie. Asubuhi ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, Bi Tamima akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Walimwosha wanawake wale wale wa Alhamisi. Bi Saada alimshika mikono. Anasema ilikuwa mikavu, ngozi imechakaa kwenye vidole kama ya mtu aliyefua nguo miaka mingi, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za yeyote aliyekuwa chumbani. Hapo hakujua sababu.

Baada ya hitima kumalizika na watu kutawanyika, alikumbuka ahadi yake. Akachukua ule upawa wa mpini mrefu, akaenda mfenesini kumtilia Doria maji kwa mbali. Doria hakuyaendea maji. Alimwendea yeye. Akafika miguuni pake, akajilaza ubavu, upande wa ule upara juu, akatulia. Alifundishwa hivyo. Mtu akija jioni na maji, unajilaza, unangoja mkono.

Haya ni maneno ya Bi Saada mwenyewe: "Nikasimama pale sijui nfanye nini. Nikamwambia ondoka, hakuondoka. Ananitazama tu. Basi nikainama, nikaweka nkono. Mwili wote ukanisisimka. Kisha nikakimbia mferejini kuosha, na pale juu ya ukuta nikaliona kopo. Udongo umechekechwa laini, umefunikwa na sahani. Nikafunua, nikakaa chini nikalia. Nikamwita, Bi Tamima, Bi Tamima, na nani wa kuitika?"

Akaosha mara saba kwa udongo ule ule.

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi sasa inasomwa tena barazani kwa Bi Tamima. Kahawa anapika Bi Saada. Kopo la bati analinywea yeye mwenyewe, na anasema hataki kikombe kingine. Mikeka imejaa, sauti ni nyingi, na mwenye nyumba hayupo. Doria yuko chini ya mfenesi, na udongo ulipokwisha, Bi Saada alichekecha mwengine.

Kwa niaba ya wote wa kituo hiki, tunampa pole Fahd na familia yake huko Maskati, na ndugu na jamaa wote, na majirani wa Shumba Viamboni. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Tamima binti Sleiman, amsamehe, na ampanulie kaburi lake. Tunamshukuru Bwana Silima, na tunamshukuru sana Bi Saada, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kunyamaza na hakunyamaza.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujazima redio. Jirani na kwako yupo mtu anayeishi peke yake. Unamjua, umeshamfikiria sasa hivi. Leo kabla ya Magharibi mwendee. Usimpelekee kitu. Mpe mkono, uushike kidogo, usiharakishe kuuachia.